Hewa Ukaa Katika Umri wa Dunia: Ushahidi wa Miamba na Tope la Ziwa Tanganyika

Swali la nini kinachoongeza na nini kinachopunguza hewa ukaa angani ni la zamani katika elimu ya dunia, lakini mara nyingi hujibiwa kwa kutazama mchoro mmoja tu unaoanzia mwaka 1958, Charles Keeling alipoanza kupima gesi hiyo kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii, na kukuta sehemu 315 kwa milioni, yaani molekuli 315 za hewa ukaa katika kila molekuli milioni moja za hewa kavu. Kabla ya viwanda kuenea kiasi hicho kilikuwa takriban 280, na sasa kimevuka 420. Mchoro huo ni wa kweli, ila ni mfupi mno. Hewa ukaa imewahi kuwa mara kadhaa ya ilivyo leo, na imewahi kushuka chini ya nusu ya kiwango cha leo, kabla binadamu hajawasha tanuri lolote, na wapo wanaoishika hoja hiyo kudai kwamba yanayotokea sasa si mageni. Dai hilo linastahili kupimwa kwa ushahidi wa muda mrefu, na mwambao wa Kigoma na Ujiji, pamoja na nchi zinazouzunguka, ni mahali pafaapo kwa kazi hiyo, kwa kuwa sura nyingi za historia ya kaboni zimekaa huko kwa kukaribiana. Kinachojitokeza ni kwamba hewa ukaa haikuwa chanzo pekee cha mabadiliko ya tabianchi, wala haikuwa matokeo yake tu. Ilikuwa kiungo katika mzunguko wa mwamba, maji na mimea, na jambo lisilo na mfano katika historia hiyo ni kasi ya sasa kuliko kiwango chenyewe.

Miamba ya kale ya mkoa wa Kigoma huwekwa na wanajiolojia katika kundi kubwa liitwalo Malagarasi, ambalo zamani lilihesabiwa kuwa sehemu ya miamba ya Bukoba. Ndani yake zimo lava za Gagwe, zilizomwagika takriban miaka milioni 795 iliyopita, mawe mekundu ya Manyovu, na mawe ya chokaa yenye magnesi nyingi, yaitwayo dolomaiti, yanayoonekana upande wa Ilagala karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Kipande cha dolomaiti hiyo kikisagwa na unga wake ukadondoshewa tindikali, hutoa povu, na kilichomo katika povu hilo ni hewa ukaa iliyofungiwa jiweni kabla hajatokea mnyama yeyote wa nchi kavu. Sehemu kubwa kabisa ya kaboni iliyo karibu na uso wa dunia imehifadhiwa kwa namna hiyo, ndani ya miamba, na iliyomo angani ni kidogo sana ikilinganishwa nayo, kiasi kwamba badiliko dogo tu katika mwendo wa mwamba, likidumu kwa muda wa kutosha, linaweza kuijaza anga hewa ukaa au kuipunguza mno.

Mwendo wenyewe unaeleweka vizuri. Maji ya mvua huyeyusha hewa ukaa na kugeuka tindikali hafifu. Tindikali hiyo hula polepole madini ya silika yaliyomo katika granaiti na lava, na kazi hiyo, inayoitwa kuchakaa kwa miamba, huacha udongo wa mfinyanzi nyuma yake na kupeleka mitoni kalisi, magnesi na bikaboneti. Bikaboneti ni kaboni iliyokuwa angani, sasa ikiwa imeyeyuka majini, na inapofika baharini viumbe huitumia kujengea magamba ya chokaa, ambayo huzama na kuwa mwamba. Ni lazima kutofautisha hapa, kwa sababu kosa hili ni la kawaida hata katika vitabu: jiwe la chokaa linapochakaa huichukua hewa ukaa angani, lakini hurudisha kiasi kilekile pale chokaa mpya inapoundwa, hivyo hesabu yake ya mwisho ni sifuri, wakati kuchakaa kwa silika huacha pungufu la kweli. Kwa hiyo dolomaiti ya Ilagala, inayoliwa na mvua za masika leo, haisaidii kuisafisha anga kwa muda mrefu. Granaiti ya mabara na lava changa za volkeno ndizo zinazofanya kazi hiyo.

Mwaka 1981 James Walker, Paul Hays na James Kasting walionyesha kuwa mwendo huu hujirekebisha wenyewe. Volkeno zikitoa gesi zaidi, dunia hupata joto, mvua huongezeka, miamba huchakaa haraka zaidi, na hewa ukaa hushuka tena. Dunia ikipoa, kuchakaa hupungua na gesi ya volkeno hujikusanya angani mpaka joto lirudi. Kwa njia hiyo uso wa dunia umebaki na maji yanayotiririka kwa sehemu kubwa ya umri wake, ingawa jua lenyewe limeongezeka nguvu. Hata hivyo, kirekebishi hiki kinahitaji mamia ya maelfu ya miaka kumaliza kazi yake, na kimewahi kuzidiwa. Lava nyingi zilizomwagika katika ukanda wa joto wakati bara kuu la kale liitwalo Rodinia lilipokuwa likipasuka huenda zilichakaa kwa kasi kubwa na kuivuta hewa ukaa chini mno, na kuanzia takriban miaka milioni 717 iliyopita barafu ilifika karibu na ikweta. Lava za Gagwe ni za enzi hiyo ya mpasuko, lakini peke yake ni kidogo mno kubebeshwa lawama. Zinafaa kuchukuliwa kama mfano wa aina ya mwamba unaohusika.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie katika Kongo, bonde la mto Lukuga limehifadhi tukio la pili. Mto huo ndio mlango pekee wa maji ya Tanganyika kutoka, na kingo za bonde lake zina mashapo yaliyoachwa na barafu pamoja na tabaka za makaa ya mawe, yote ya zama zilizopita takriban miaka milioni 300 iliyopita na baadaye kidogo, wakati Afrika ilipokuwa sehemu ya bara la Gondwana lililokuwa karibu zaidi na ncha ya kusini. Kukaa pamoja kwa mabaki ya barafu na makaa ya mawe si bahati nasibu. Misitu mikubwa ya mabwawa, hasa ile ya maeneo ambayo leo yako kaskazini ya dunia, ilikuwa imeanza kuzika miti kwa wingi kuliko ilivyoweza kuoza, na kila mti uliozikwa bila kuoza ulikwenda na kaboni yake. Hewa ukaa ikashuka hadi viwango vinavyokaribiana na vya kabla ya viwanda, na barafu ikatanda kusini. Makaa ya Lukuga, kama yale ya Ruhuhu na Kiwira upande wa Tanzania, ni sehemu ya mlolongo huo wa kuzika, na kuyachoma ni kuirudisha kwa miaka michache kaboni iliyochukua mamilioni ya miaka kuwekwa.

Kwa kipindi kinachofuata, yaani kile cha joto kilichoendelea tangu enzi za dinosaria hadi kuzaliwa kwa barafu ya Antaktika, Kigoma haina la kusema, na ushahidi bora kabisa wa Tanzania uko upande wa pili wa nchi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne hii timu iliyoongozwa na Paul Pearson wa Cardiff, ikishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ilichimba mashimo katika mfinyanzi wa pwani ya Kilwa na Lindi na kupata visukuku vya foraminifera, viumbe wa bahari wenye chembe moja na gamba la chokaa lisilozidi punje ya mchanga. Katika bahari nyingi magamba hayo hubadilika baada ya kuzikwa na kuwa meupe yasiyopenyeza mwanga. Yale ya Kilwa, kwa kuwa mfinyanzi uliyafunga na kuyazuia maji, bado yanang'aa kama kioo yanapotazamwa kwa darubini, na kwa hiyo kemia yake ni ile ya bahari iliyoyazaa.

Kemia hiyo ndiyo iliyowezesha kipimo. Madini ya boroni hukaa katika maji ya bahari kwa sura mbili, na uwiano wa sura hizo hutegemea ukali wa tindikali ya maji. Foraminifera huchukua sura moja tu kuingiza katika gamba lake, hivyo isotopu za boroni, yaani aina za boroni zinazotofautiana kwa uzito, hueleza tindikali ya bahari ya siku hizo, na tindikali hueleza kiasi cha hewa ukaa kilichokuwa juu yake. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha matokeo ya magamba ya Tanzania ya wakati barafu ya Antaktika ilipozaliwa, takriban miaka milioni 34 hadi 33.5 iliyopita. Walikuta kwamba barafu hiyo ilipokuwa ikikua kwa nguvu, hewa ukaa ilikuwa mahali fulani kati ya sehemu 450 na 1,500 kwa milioni, kadirio bora likiwa 760, na kwamba baadaye kidogo gesi ilipanda tena bila barafu kutoweka. Upana wa makadirio hayo unastahili kutajwa bila kufichwa, kwa sababu ndio upana wa elimu yetu kwa zama za kabla ya barafu iliyonasa mapovu ya hewa ya wakati wake. Hata hivyo somo la msingi linabaki: kuna kizingiti ambacho dunia ikishakivuka kwenda chini hujenga barafu, na kurudi juu kidogo hakutoshi kuiyeyusha.

Pwani hiyohiyo ya Kilwa imehifadhi pia tukio la ghafla la miaka milioni 56 iliyopita, wakati kiasi kikubwa cha kaboni kilipoingia angani na joto la dunia likapanda kwa nyuzi kadhaa. Nta za majani zilizonasa katika mfinyanzi zinaonyesha kwamba Afrika Mashariki ya wakati huo haikunyeshewa mvua za kila siku, kama ambavyo mtu angetarajia kwa dunia yenye joto. Ilikuwa na ukame wa jumla uliokatizwa na mvua kubwa za kishindo. Tukio hilo ndilo linalokaribia zaidi kufanana na la leo, na bado halilingani nalo: makadirio yaliyochapishwa na Richard Zeebe na wenzake mwaka 2016 yanaonyesha kaboni iliingia wakati ule kwa kasi isiyozidi sana tani bilioni moja kwa mwaka, huku shughuli za binadamu zikiingiza takriban tani bilioni 10.

Ziwa lenyewe ni dogo kwa umri katika hesabu hii. Bonde la kati la Tanganyika lilianza kujaa maji kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita, gamba la dunia lilipovutwa na kupasuka, na tangu hapo limekusanya mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa chini ya maji yanayofikia kina cha mita 1,470. Mpasuko wa namna hii nao hutoa hewa ukaa kutoka chini kabisa, kupitia nyufa zisizohitaji mlipuko wa volkeno, kama vipimo vya eneo la Natron na Magadi vilivyochapishwa mwaka 2016 vilivyodhihirisha. Wakazi wa Goma wanaijua gesi hiyo kwa jina la mazuku: hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutulia katika mabonde madogo na kuua mifugo, na mara nyingine watu. Kilindi cha Ziwa Kivu kimeyeyusha takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa, na huko Rungwe gesi ya ardhini huvunwa na kutiwa katika soda. Lakini volkeno zote za dunia, zikijumlishwa na nyufa zake, hutoa kwa mwaka chini ya sehemu moja ya mia ya kile kinachotoka katika mafuta, gesi na makaa ya mawe, na hivyo wanaosema kwamba volkeno ndizo zinazoijaza anga leo wanakosea kwa kiwango kikubwa sana.

Katika kipindi hichohicho cha ziwa, hewa ukaa iliendelea kushuka kwa jumla, na mimea ya Afrika Mashariki ilibadilika. Mimea mingi, ikiwemo miti, mihogo na migomba, hutumia njia ya kale ya kutengeneza sukari inayoitwa C3, ambayo huzorota hewa ukaa inapokuwa haba. Nyasi za mbuga, pamoja na mahindi, mtama na muwa, hutumia njia ya C4, inayoikusanya gesi kwanza na kuibana kabla ya kuitumia. Meno ya wanyama wa kale wa Kenya yanaonyesha kwamba walianza kula nyasi za C4 kwa wingi kuanzia takriban miaka milioni 10 iliyopita. Kwa muda mrefu uhaba wa hewa ukaa ulitajwa kuwa sababu kuu, lakini tafiti za mwaka 2023 zimepata nyasi hizo katika maeneo ya Kenya na Uganda ya miaka milioni 21 iliyopita, na hivyo moto, ukame na wanyama wanapaswa kupewa nafasi yao katika maelezo.

Uhaba wa hewa ukaa ulifikia kilele chake katika zama za barafu. Mapovu ya hewa yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika, ambayo sasa yanarudi nyuma miaka 800,000, yanaonyesha hewa ukaa ikipanda na kushuka kati ya takriban sehemu 180 na 280 kwa milioni, na kiwango cha chini kabisa kikiwa 172. Hapa ndipo ukanda wa Tanganyika unapotoa mchango wake mkubwa zaidi, na unaanzia Burundi, kwenye bwawa la mboji la Kashiru, lililo juu ya mita 2,200 kaskazini mwa Kigoma. Chavua iliyozikwa humo inaonyesha kwamba katika kilele cha mwisho cha barafu, takriban miaka 21,000 iliyopita, msitu wa milimani ulitoweka na mahali pake pakashikwa na vichaka vifupi vya nyanda za juu na nyasi. Mwaka 1990 Raymonde Bonnefille na wenzake waliisoma chavua hiyo kama kipimajoto na kukadiria kwamba nchi ilikuwa baridi zaidi kwa nyuzi 4, kwa makosa ya nyuzi 2 kila upande. Miaka saba baadaye Dominique Jolly na Alex Haxeltine walilirudia swali kwa kielelezo cha kompyuta na kuonyesha kwamba msitu ungeweza kurudi nyuma hata kama joto lisingebadilika, kwa sababu tu miti ilikuwa na njaa ya hewa ukaa. Kwa maneno mengine, mmea hauwezi kuwa shahidi wa joto pale ambapo chakula chake chenyewe kimebadilika.

Ilihitajika basi kipimajoto kisichokuwa mmea, na tope la ziwa ndilo lililokitoa. Maji ya Tanganyika chini ya mita mia moja hadi mia mbili na kidogo hayana oksijeni, hivyo hakuna mnyama wa kuyachimbua mashapo, na kinachotua chini hubaki kama kilivyotua: utando mweupe wa dayatomu, mimea midogo ya majini yenye gamba la silika, wa majira ya upepo wa kiangazi, na juu yake utando mweusi wa udongo na mabaki ya majani wa majira ya mvua, mwaka kwa mwaka. Mwaka 2004 nguzo za tope hilo zilitolewa kwa mabomba katika mgongo wa mwamba ulio chini ya maji karibu na Kalya, kusini mwa Mahale. Jessica Tierney, James Russell na wenzao walipima humo mafuta ya utando wa arkea, viumbe wa chembe moja wanaobadilisha umbo la mafuta yao kulingana na joto la maji, na kwa njia hiyo wakapata historia ya joto la ziwa kwa miaka 60,000, iliyochapishwa mwaka 2008.

Matokeo yao hayakumpendeza kila mtu. Joto la Tanganyika lilianza kupanda mwishoni mwa zama za barafu takriban miaka 3,000 kabla hewa ukaa haijaanza kupanda, likifuata badiliko la mwanga wa jua katika nusu ya kaskazini ya dunia, linalotokana na mwendo wa polepole wa mzingo wa dunia. Anayetaka kuitoa hewa ukaa hatiani atalishika tokeo hili kwa mikono miwili, na si haki kulificha. Lakini linasema kidogo kuliko anavyotaka liseme. Linaonyesha kwamba katika zama za barafu mzingo ndio uliokuwa ukianzisha, na kwamba bahari zilizoanza kupata joto na kubadili mzunguko wa maji yake ziliiachia gesi iliyokuwa imehifadhiwa vilindini. Baada ya hapo gesi yenyewe ikawa sababu. Jeremy Shakun na wenzake, walipokusanya mwaka 2012 rekodi 80 za joto kutoka pande zote za dunia, walikuta kwamba wastani wa joto la dunia nzima ulipanda nyuma ya hewa ukaa, si mbele yake, ingawa baadhi ya mahali palitangulia. Ziwa moja huweza kutangulia bila dunia kutangulia, na kupanda kwa mapema kwa Tanganyika hakuelezi kwa nini hatimaye kaskazini na kusini zilipata joto kwa pamoja. Hewa ukaa inaeleza.

Ni hapo pia tofauti ya leo inapoonekana wazi. Kupanda kwa hewa ukaa mwishoni mwa zama za barafu, kwa takriban sehemu 80 kwa milioni, kulichukua miaka kama 7,000. Kupanda kwa sehemu zaidi ya 100 tangu Keeling aanze kupima hakujachukua hata miaka 70. Safari hii gesi imetangulia, na haikutoka baharini, kwa kuwa kaboni inayoongezeka angani ina upungufu wa isotopu nzito, kama ilivyo kaboni ya mimea ya kale iliyogeuka makaa na mafuta, na bahari yenyewe inazidi kuipokea. Tanganyika imekwisha kuitikia. Utafiti wa Tierney wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba joto la uso wa ziwa mwishoni mwa karne ya 20 lilizidi lolote lililopata kutokea kwa miaka 1,500. Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini, na virutubisho vilivyo vilindini hubaki huko. Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria pungufu la takriban asilimia 30 la samaki.

Makadirio hayo yalipingwa, na kwa sababu nzuri: wavuvi wameongezeka, nyavu zimebanwa matundu, na mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, anayewasha taa usiku kuvuta dagaa na migebuka ana maelezo yake kuhusu nani aliyewamaliza. Jibu lilitoka tena katika tope. Andrew Cohen na wenzake walihesabu mwaka 2016 mabaki ya samaki na konokono katika nguzo za mashapo na kukuta kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kushika kasi katikati ya karne ya 20, sambamba na kupanda kwa joto, na kwamba eneo la chini ya ziwa lenye oksijeni lilikuwa limepungua. Hilo haliwaondolei wavuvi sehemu yao ya hesabu, ila linaonyesha kwamba kufunga ziwa kwa miezi kadhaa, kama inavyofanyika siku hizi, kunashughulikia nusu moja tu ya tatizo.

Rekodi zote zilizotajwa kutoka ziwani zinatoka katika mita chache za juu za mashapo. Mwaka 2019 wanasayansi walikutana Dar es Salaam kupanga uchimbaji wa kina utakaoshuka hadi tope la mamilioni ya miaka, na miongoni mwa tabaka wanazozilenga zimo za takriban miaka milioni 3 iliyopita, mara ya mwisho hewa ukaa ilipokuwa karibu na sehemu 400 kwa milioni kwa muda mrefu, wakati bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa na Tanganyika ilikuwa tayari ziwa lenye kina. Joto la maji yake wakati huo, kiasi cha mvua katika bonde la Malagarasi, na kina ambacho oksijeni ilifika, vyote vinaweza kusomwa katika mafuta ya arkea na nta za majani, na hakuna mahali pengine katika Afrika ya tropiki ambako mfululizo mrefu hivyo unatazamiwa kupatikana katika shimo moja.